Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Michezo: Vijana wa Kilimanjaro Wanasubiri Sahihi Yenu

Marangu, Moshi
Mkoa wa Kilimanjaro

Kwa Waheshimiwa viongozi wenye dhamana ya michezo nchini,

YAH: TANZANIA KUTOSHIRIKI OLIMPIKI YA MAJIRA YA BARIDI, NA OMBI LA KUSAJILI CHAMA CHA MICHEZO YA THELUJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro. Nilianza kama mpagazi, nikipanda na mizigo ya wageni kichwani kwa njia ya Marangu, baadaye Machame, na sasa nina miaka 22 kazini. Sina cheo, na siandiki kwa niaba ya kampuni yoyote ya utalii. Naandika kwa niaba ya vijana tisa wa Marangu, Mwika na Old Moshi ambao nimekuwa nikifanya nao mazoezi kwa miaka sita, na hasa kwa ajili ya mmoja wao ambaye nitamweleza mbele kidogo.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, kwa nauli yangu, katika ofisi ambayo sitaitaja hapa kwa sababu nia yangu si kumchafua mtu. Ya kwanza ilipigwa mhuri wa "imepokelewa" masjala, na nilipofuatilia baada ya miezi mitatu nikaambiwa jalada halionekani. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo kwamba mchezo huu hautambuliki nchini kwa kuwa hauna chama. Nikauliza utaratibu wa kusajili chama. Nikaambiwa chama hakiwezi kusajiliwa kwa kuwa mchezo wenyewe hautambuliki. Ya tatu nilikwenda na yule kijana niliyemtaja. Alikuwa ameacha safari ya siku sita mlimani, maana yake ameacha mshahara na bahashishi, ili aje ajieleze mwenyewe. Ofisa aliyetupokea alisoma kichwa cha barua, akacheka, akawaita wenzake wa chumba cha pili waje wasome. Kisha akaniambia, "Mzee, rudi kwenye mlima wako."

Nimerudi kwenye mlima wangu, waheshimiwa, na ndiko ninakoandikia. Sikupenda mambo haya yafike hadharani. Nimelelewa kwamba mkubwa hulalamikiwa faraghani kwanza. Nimefanya hivyo mara tatu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hatujawahi kuwamo

Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi ilifanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, ikiwa na mataifa 16. Ile ya Beijing ya mwaka 2022 ilikuwa na mataifa 91. Katika safari hiyo yote Afrika imeingia taratibu: Afrika Kusini mwaka 1960, Moroko 1968, Senegali 1984 kwa Lamine Guèye, kisha Algeria, Swaziland, Kenya, Kameruni, Ethiopia, Madagaska, Ghana, Togo, Zimbabwe, Eritrea, Nigeria. Pyeongchang 2018 zilikuwepo nchi nane za Afrika. Beijing zilibaki tano. Katika kupanda na kushuka kote huko, Tanzania haijapata hata mara moja kuonekana katika gwaride la ufunguzi.

Sisemi haya kwa kuwa kuna medali iliyotupita. Hadi Beijing hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imepata medali kwenye michezo hii. Nasema kwa sababu nchi yenye mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, mlima ambao kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA anaujua kwa theluji yake, haijaona hata haja ya kuuliza inaingiaje. Eritrea iliingia mwaka 2018 na mwanamichezo mmoja. Haiti na Saudi Arabia ziliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Saudi Arabia, waheshimiwa.

2. Jirani yetu alionyesha njia, na tulimwona

Hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu, kwa sababu kila nikizungumzia jambo hili naambiwa kwamba Mwafrika wa huku kwetu hawezi.

Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Bonde la Ufa, Kenya, kutoka ukoo wa wakimbiaji. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kwa udhamini wa kampuni ya viatu vya michezo, akaanza kujifunza skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni ili kuteleza kwenye theluji, akiwa mtu mzima ambaye hajawahi kuivaa. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alisimama kwenye mstari wa kuanzia Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilomita 10. Mbio hizo hazihusu kuteremka tu kama watu wengi wanavyodhani. Ni kupanda vilima na kushuka kwa nguvu za mikono, miguu na pumzi, na ndiyo maana mkimbiaji anaweza kuzijaribu.

Boit alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, mmoja wa wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huo. Dæhlie alikuwa amekwisha kumaliza, anasubiriwa apewe dhahabu yake, lakini hakuondoka. Alibaki pale mwishoni mwa njia mpaka Mkenya yule alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la Dæhlie. Akarudi Olimpiki ya Salt Lake City 2002, akarudi tena Torino 2006. Mwaka 2018 Kenya ikapeleka mwanamke, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria.

Mimi mwaka ule wa 1998 nilikuwa kijana, na habari ile niliisikia redioni nyumbani. Kutoka hapa Marangu mpaka mpaka wa Kenya pale Tarakea ni mwendo wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilijiuliza swali dogo: huyu anatoka upande wa pili wa mpaka, amejifunzaje kitu ambacho sisi tunaoamka tukitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hatujakigusa? Kenya nayo ina mlima wake wenye barafu, lakini Boit hakujifunzia huko. Alijifunzia Finland, kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yake waliokubali kumtuma.

3. Ufunguo mnao ninyi peke yenu

Hili wananchi wengi hawalijui, na naomba walijue. Katika Olimpiki mtu hajipeleki. Hata awe na pesa, hata awe amefuzu, jina lake haliwezi kuandikishwa isipokuwa limewasilishwa na kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Na kabla ya hapo, ili apate namba ya kushiriki mashindano ya kufuzu ya skii, lazima nchi iwe na chama kinachotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, FIS.

Kwa hiyo kijana wa kukimbia marathoni anaweza kwenda barabarani akakimbia mpaka aonekane. Kijana wa skii hawezi. Anaweza kuwa na mapafu, miguu na moyo, lakini bila karatasi yenu hata mashindano madogo kabisa ya kutafuta pointi hayamhusu. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya nikasubiri kipaji kijionyeshe chenyewe.

Utaratibu wenyewe wa kufuzu si ukuta. Mataifa madogo yamewekewa nafasi ya msingi: mwanamichezo akishiriki mashindano yanayotambuliwa na pointi zake zikawa ndani ya kiwango kilichowekwa, nchi yake inaweza kupata nafasi, hata kama hayumo katika mia bora duniani. Pita Taufatofua wa Tonga, nchi ya visiwa vya joto katika Bahari ya Pasifiki, alifuata njia hiyo. Alikuwa mpiganaji wa taekwondo aliyeshiriki Rio 2016. Akaanza kufanya mazoezi kwa skii za magurudumu barabarani, na mashindano ya skii hizo yakahesabiwa katika pointi zake. Pyeongchang 2018 alikuwemo kwenye kilomita 15.

4. Mlima ni wetu, rekodi wanakuja kuweka wengine

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa ni la kazi yangu.

Mwaka 2006 Simon Mtuy, Mchaga wa upande wetu huu, alipanda Kilimanjaro na kushuka bila msaada wowote njiani kwa saa 9 na dakika 21. Wageni wangu huchukua siku tano au sita kwa safari hiyo, na wengine wanashindwa. Septemba 2010 akaja Mhispania, Kilian Jornet, akapanda na kushuka kwa saa 7 na dakika 14. Mwaka 2014 akaja Karl Egloff wa Ecuador, ambaye naye ni mwongoza wageni milimani kama sisi, akatumia saa 6 na dakika 42.

Sasa ulizeni: Jornet alikuwa amepata wapi miguu ile? Alikuwa bingwa wa dunia wa kupanda milima kwa skii. Ni mchezo ambao mwanamichezo anabandika ngozi maalumu chini ya skii ili asirudi nyuma, anapanda mlima kwa kasi, panapokuwa pakali sana anazivua, anazifunga mgongoni na kukimbia kwa miguu, kisha anazivaa tena, anang'oa zile ngozi na kuteremka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupanda. Na mchezo huo umeingizwa rasmi kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Milano na Cortina ya mwaka 2026: mbio fupi za wanaume, za wanawake, na za kupokezana mwanamume na mwanamke.

Niliposoma taarifa hiyo sikulala. Olimpiki imeongeza mchezo wa kupanda mlima. Nani duniani anapanda mlima kuliko wapagazi wetu? Kijana anaondoka geti la Machame na kilo 20 za mgeni, juu yake na vyake mwenyewe, anawapita wageni njiani, anafika kambini mapema akasimamisha hema na kuchemsha maji kabla mwenye mzigo hajaonekana. Kesho yake hivyo hivyo. Kambi ya mwisho kabla ya kilele tunaiita Barafu, iko zaidi ya mita 4,600, na pale kuna watoto wa Kitanzania wanaocheka na kupika ugali katika hewa ambayo wanamichezo wa Ulaya hulipa fedha nyingi kwenda kuitafuta ili wajenge damu yao. Wao wanailipia. Sisi tunafanya kazi ndani yake, na hatuna hata mmoja aliyeandikishwa.

Skii hawajui, nakubali. Kuteremka kunafundishwa. Pumzi ile haifundishwi kwa miaka miwili.

5. Muda unakwenda

Kijana ninayemsemea ana miaka 21. Ni mpagazi wa msimu, mtoto wa mjane, na ameshamaliza mbio za nusu marathoni hapa Moshi mara mbili katika Kilimanjaro Marathon, akivaa viatu vya kuazima. Miaka mitatu iliyopita mgeni kutoka Ujerumani alimwachia skii zake za magurudumu. Tangu hapo kila alfajiri asipokuwa mlimani yuko kwenye lami ya kupanda kuelekea geti la Marangu, kabla Noah na magari ya wageni hayajaanza kupita. Mwanzoni watu walimzomea. Siku hizi wamama wanaoshusha ndizi sokoni wanamwita kwa jina la utani na kumpisha njia.

Hatasubiri miaka kumi. Akifika miaka 30 atakuwa mwongoza wageni kama mimi, mwenye magoti yanayouma.

Nayajua majibu mtakayonipa, maana mengine nimeshapewa, kwa hiyo niyajibu hapa hapa mbele ya watu.

Mtasema hatuna theluji. Jamaika haina, na mwaka 1988 ilipeleka Calgary, Kanada, timu ya gari la kuteleza kwenye barafu. Nigeria haina. Wanawake watatu, Seun Adigun, Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga, waliokuwa wakimbiaji wa riadha, walianza kujifua kwa gari la mbao walilolitengeneza wenyewe Houston, wakachangisha fedha mtandaoni, wakaingia Pyeongchang 2018. Na kwa kuwa watu huwa wanadhani ninataka kugeuza Kibo kuwa uwanja wa skii, niseme wazi: siombi hilo hata kidogo. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu vipimo vya mwaka 1912. Nimeiona kwa macho yangu ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, na mahali tulipokuwa tukisimamisha wageni kupiga picha na ukuta wa barafu, leo ni mchanga. Mlima uachwe upumue. Vijana wakajifunze kwenye theluji kunakofundishwa.

Mtasema hatuna fedha. Sijaomba kituo cha mazoezi wala basi la timu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina mfuko wa Mshikamano wa Olimpiki ambao hutoa ufadhili kwa wanamichezo wanaojiandaa kwa Michezo ya Majira ya Baridi, na maombi hupitia kamati ya nchi. Kama yenu hayakupelekwa, fedha hizo zimekwenda kwa wengine walioomba. Na wageni niliowapandisha mlimani kwa miaka yote hii, wapo wa Uswisi, Austria na Italia ambao wameniambia kwa maandishi kwamba watampokea kijana nyumbani kwao kwa msimu mzima wa baridi. Ninazo barua zao. Kinachokosekana ni barua ya kwenu inayosema huyu ni mwanamichezo wa Tanzania.

Mtasema tumalize kwanza riadha na mpira. Naipenda riadha kuliko maelezo. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974, na Moscow 1980 yeye na Suleiman Nyambui walituletea medali mbili za fedha, ambazo hadi Paris 2024 zilikuwa bado ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo na nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini mpagazi akijifunza skii hajampunguzia Simbu kilomita hata moja. Kenya ilimpeleka Boit Nagano, na wakimbiaji wake wakaendelea kuvuna dhahabu kama kawaida.

Mtasema hao wanaoziwakilisha nchi za Afrika ni watoto waliokulia Ulaya na Amerika. Wengi ni kweli. Shannon Abeda wa Eritrea alikulia Kanada, Mialitiana Clerc wa Madagaska alilelewa Ufaransa. Sioni aibu yoyote hapo. Wako watoto wa Kitanzania wanaokua huko kwenye theluji, na kama yupo anayeweza kuvaa bendera yetu, mtafuteni. Nitamshangilia kama nilivyomshangilia Simbu. Ila Boit hakukulia ughaibuni, na Taufatofua hakuanza skii akiwa mtoto. Milango yote miwili ifunguliwe.

Halafu kuna jibu ambalo halisemwi kwenye barua, ila nililisikia kwenye kile kicheko cha ofisini: tutaaibika, tutakuwa wa mwisho.

Waheshimiwa, sisi ndio nchi ya John Stephen Akhwari. Mzaliwa wa Mbulu, huku huku kaskazini. Mexico 1968 alianguka katika marathoni, goti likaumia, akafungwa bandeji na kuendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla yake. Jua limezama, watu wamebaki wachache uwanjani, Akhwari akaingia akichechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza. Mtu huyu hakupata medali, na dunia inamkumbuka kuliko wengi waliozipata. Tumemweka kwenye hotuba zetu miaka yote. Kama kweli tunamheshimu, basi nafasi ya 92 isitutishe. Nami nimewaona vijana wangu. Sidhani hata kama watakuwa wa mwisho.

Wapo pia mtakaosema natafuta biashara, kwamba mwongoza wageni anataka jina la Kilimanjaro litangazwe ili apate wateja. Wateja ninao. Hata hivyo, kama bendera yetu itapita mbele ya watu wa nchi zinazoleta wageni hapa, na mtangazaji akaeleza kwamba aliyeibeba ni mpagazi wa Kilimanjaro, sioni kwa nini wizara yoyote ichukie.

Nimalizie kwa maombi, na naomba yajibiwe moja moja.

(a) Barua zangu tatu zijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Jibu likiwa hapana, liwe hapana yenye sababu na sahihi ya mtu.

(b) Chama cha michezo ya theluji na barafu kisajiliwe. Katiba tumeiandika, wanachama tunao, ada tumechanga. Kama kuna upungufu, tuandikiwe upungufu huo, tusirudishwe tena kwenye ule mzunguko wa mchezo hautambuliki kwa kuwa hauna chama.

(c) Chama kikishasajiliwa, kipewe barua ya utambulisho ili kiombe uanachama wa FIS. Hatua hii haina gharama kwenu zaidi ya karatasi na mhuri.

(d) Jina moja la Kitanzania lipelekwe kuombewa ufadhili wa Mshikamano wa Olimpiki kwa ajili ya Michezo ya 2030 kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa. Sishikilii kwamba liwe la kijana wangu. Fanyeni majaribio, waiteni na vijana wa Mbeya, Njombe, Lushoto, Arusha chini ya Meru. Akishindwa kihalali nitampa mkono aliyemshinda.

(e) Walimu wa michezo wa sekondari za huku mlimani wapewe ruhusa ya kuanza na wanafunzi, kwa kuwa Olimpiki ya Vijana ya Majira ya Baridi itafanyika Dolomiti Valtellina, Italia, mwaka 2028. Mashindano hayo si ndoto kwa Afrika. Katika yale ya Gangwon, Korea Kusini, mwaka 2024, Jonathan Lourimi wa Tunisia alipata medali ya fedha ya gari la barafu la mtu mmoja, ya kwanza kwa Tunisia katika mashindano hayo ya vijana. Alikuwa ameandaliwa kwenye mpango wa mafunzo wa Wakorea wenyewe kwa ajili ya vijana wa nchi zisizo na theluji. Wakorea walifungua mlango, na Watunisia wakaomba nafasi.

Utotoni, mvua za masika zikishaloanisha mteremko nyuma ya kihamba (shamba la ukoo) cha babu, tulikuwa tunang'oa magome ya mgomba, tunakaa juu yake wawili wawili na kuteremka mpaka mtoni. Mama alituchapa kwa ajili ya nguo zilizochafuka. Vijana wangu nao wameyafanya hayo, ndiyo maana siku ya kwanza walipoona skii kwenye simu yangu hakuna aliyeuliza ni mchezo gani. Waliuliza tu inafungwaje miguuni.

Sihitaji kikao cha mjini wala posho. Nakaribisha ofisa yeyote mtakayemtuma. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko Marangu Mtoni, pale barabara inapoanza kupanda, vijana tisa na jozi moja ya skii za magurudumu wanayopokezana. Akija na fomu ya usajili, tutaijaza hapo hapo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwongoza wageni, Mlima Kilimanjaro
Kwa niaba ya vijana tisa wa Marangu, Mwika na Old Moshi